Samaki Walibarikiwa Kwanza

Msomaji akiifungua sura ya kwanza ya Mwanzo na kuisoma taratibu, bila haraka ya kufika siku ya sita, atakuta jambo ambalo mahubiri mengi hulipita. Baraka ya kwanza katika Biblia hakupewa mwanadamu. Ilitolewa siku ya tano, kwa viumbe vya majini na ndege wa angani, kwamba wazaliane na kuongezeka. Adamu alikuwa hajaumbwa. Hapakuwa na mvuvi, hapakuwa na mlaji, hapakuwa na mtu wa kusema samaki huyu anapendeza, na tayari Mungu alikuwa ameona kwamba kazi ile ni njema. Sisi tulikuja kesho yake, tukabarikiwa kwa maneno yanayofanana na yale, tukapewa na kutawala.

Swali la insha hii limo ndani ya siku hiyo moja iliyotutangulia. Uzuri uliokuwapo kabla yetu ni wa nani? Na kama si wetu, tunamsifu Mungu kwa ajili yake kwa uso gani, ilhali ni sisi tunaoumaliza?

Hatukulipata swali hili darasani wala katika kipindi cha mafundisho ya Biblia. Lilitujia tukiwa tumeelea kifudifudi juu ya maji, mwanzoni mwa Machi 2017. Tulikuwa wanafunzi wanne wa Afrika Mashariki katika mji wa Townsville, jimbo la Queensland, Australia: mmoja wa Mikindani, mmoja wa Kisumu, na wawili wa bara kabisa, Iringa na Dodoma, ambao hadi siku hiyo hawakuwa wameingia baharini kupita magoti. Usharika tuliokuwa tukisali huko ulitulipia nauli ya boti kama zawadi ya kuanza mwaka wa masomo. Mbele ya pwani ile ndipo ulipo Mwamba Mkuu wa Matumbawe, ambao kwa kweli si mwamba mmoja bali ni miamba karibu 3,000, iliyofuatana kwa zaidi ya kilomita 2,300.

Tulivishwa nguo za kubana kutoka kisogoni hadi vifundoni kwa sababu ya konyeza, ambao katika miezi ya joto huko wapo wenye sumu ya kuua mtu. Dada wa Kisumu alisema tumefanana na mishumaa. Kisha tukapewa miwani ya kuzamia, mrija wa kupumulia na mapezi ya miguuni. Mwongozaji wetu, kijana wa palepale, alianza kwa kuwataja kwa heshima Wabindal na Wawulgurukaba, watu wa asili wa pwani ya Townsville, halafu akatupa masharti matatu: usisimame juu ya tumbawe, usiguse, usiokote. Akaongeza kwamba maji yamekuwa na joto kupita kiasi kwa wiki nyingi. Alitutazama mmoja mmoja akasema: mtakachokiona leo kitakuwa kizuri sana, lakini jueni kwamba ni ugonjwa.

Ugonjwa wenyewe unaelezeka kwa urahisi. Tumbawe tunalolidhania jiwe ni mnyama, au tuseme ni kijiji cha wanyama wadogo waliojijengea nyumba ya chokaa. Ndani ya miili yao wanakaa mwani wadogo mno, wasioonekana kwa macho, ambao hutengeneza chakula kwa nuru ya jua na kumpa mwenyeji wao sehemu kubwa ya chakula hicho. Rangi ya tumbawe, ile ya kahawia na kijani, kwa sehemu kubwa ni rangi ya mgeni huyo. Maji yakizidi kilele cha kawaida cha joto la kiangazi kwa nyuzijoto 1 tu, na hali hiyo ikadumu wiki nne hivi, mapatano huvunjika. Mnyama humtoa mgeni wake nje, naye hubaki amepauka, mweupe, mwenye njaa, bado yu hai. Maji yakipoa mapema, mwani hurudi. Yasipopoa, tumbawe hufa. Na zipo aina ambazo kabla ya kuwa nyeupe kabisa huwaka rangi kali, jambo ambalo wataalamu hulieleza kama namna ya kujikinga na jua.

Hizo ndizo rangi tulizoziona. Zambarau inayowaka kama taa ya duka usiku. Buluu ambayo hatujawahi kuikuta kwenye kitenge chochote. Manjano ya limau lililoiva. Katikati yake palikuwa na weupe mtupu, matawi na matawi, kama shamba la chumvi. Chini ya maji hapako kimya kama tulivyodhani: kuna mlio usiokatika, kama mafuta yanayochemka kikaangoni, ambao hutolewa na kamba wadogo, na juu ya mlio huo tuliwasikia pono wakitafuna mwamba kwa meno yao. Pono hutafuna matumbawe, hutoa mchanga. Fukwe nyeupe tunazopigia picha za harusi zimepitia, kwa sehemu yake, matumboni mwa samaki. Kasa mmoja alipita chini yetu bila kutujali. Mwenzetu wa Dodoma, ambaye saa moja kabla alikuwa ameshika ngazi ya boti kwa mikono miwili, alikataa kutoka majini hadi alipoitwa mara ya tatu.

Tuliporudi kwenye boti, mwenzetu wa Iringa alianzisha wimbo wa sifa. Ana sauti nzuri ya pili, na kwao kuimba ni kama kupumua. Wawili tukadaka. Dada wa Kisumu hakudaka. Alikaa na taulo mabegani, akatazama maji, na tulipomaliza alisema tumefanya kama watu waliomkuta mgonjwa wa homa kali, wakamsifia kwamba mashavu yake yamependeza.

Mabishano yaliyofuata yalichukua safari nzima ya kurudi na wiki nyingi baada ya hapo. Tunayaeleza hapa kwa sababu tunadhani si yetu peke yetu.

Mwenzetu wa Iringa alikuwa na hoja nzito. Mungu hanyimwi sifa zake kwa sababu ya kosa la mwanadamu. Katika kitabu cha Ayubu, Mungu anapomjibu yule mtu aliyeketi majivuni, hamweleze habari za mateso yake hata kidogo. Anamtembeza. Anamwonyesha mbuni, punda-mwitu, mbuzi wa majabali, mvua inayonyesha mahali pasipokaa mtu yeyote. Mvua ile haimfaidii mkulima, haimfaidii mfugaji, na bado Mungu anaitaja kwa fahari. Zaburi ya 104 inakwenda mbali zaidi: Lewiathani yumo baharini ili acheze tu. Paulo naye anawaandikia Wakolosai kwamba kila kilichoumbwa kina mwenyewe, na mwenyewe ni Kristo. Basi, alisema, mwamba ule uliimba kabla hatujafika, na sisi tulidakia tu wimbo usio wetu. Mgonjwa au mzima, ni wa Mungu.

Dada wa Kisumu hakukana neno hata moja. Alisema ni kwa sababu hiyohiyo hakuweza kuimba. Kama mwamba ungekuwa wetu, tungeweza kuuharibu na kusema tumeharibu mali yetu. Kwa kuwa ni wa mwingine, sifa tulizoimba zinafanana na za mgeni anayesifia nyumba huku amewasha moto kwenye pazia.

Ndipo aliyekuwa amekaa kimya, wa Dodoma, akatukumbusha msiba. Kwetu tunaimba msibani. Tunaimba kando ya kitanda cha mgonjwa, tunaimba tukibeba jeneza, na hakuna mtu mwenye akili anayetuambia tumefurahi. Lakini aliyeimba usiku kucha ndiye asubuhi anayechota maji, anayepasua kuni, anayeosha masufuria. Mtu akija msibani, akaimba vizuri kuliko wote, akala, akaondoka, hata kama sauti yake ilitoa watu machozi, atasemwa. Tulikubaliana juu ya hilo sote wanne. Sifa na maombolezo hukaa mkeka mmoja bila taabu, kama zinavyokaa pamoja katika Zaburi. Ugumu uko kwenye maji ya kuchota.

Na maji hayo yanachotwaje? Australia, kwa haki, imejitahidi kuliko nchi nyingi. Sheria ya hifadhi ile ni ya 1975, Urithi wa Dunia ulitangazwa 1981, na tangu 2004 karibu theluthi moja ya eneo lote la hifadhi imefungwa, hairuhusiwi kuvua. Masharti yale matatu ya mwongozaji, usisimame, usiguse, usiokote, yanafuatwa na watalii wa kila taifa. Sisi tuliona kuna mafundisho makubwa ndani yake. Mwanafunzi ugenini amezoea kuingia kwenye nyumba za watu kwa uangalifu, kuuliza pa kuweka viatu, kutofungua friji. Kuelea juu ya kitu kizuri bila kukigusa ni adabu ya mgeni, na ni nadra Mkristo kufundishwa kwamba hata katika kutawala anabaki mgeni. Lakini joto halisomi mabango. Mwamba tuliouona ulikuwa umelindwa dhidi ya mkono wa mtu, na ulikuwa unakufa.

Wengi wetu tunaikumbuka El Niño ya 1997 na 1998 kwa mvua zake: madaraja yaliyokatika, barabara zilizogeuka mito, bei ya unga. Wachache wanajua kwamba mwaka ule wa 1998 joto liliunguza matumbawe ya pwani yetu kuanzia Kenya hadi Mafia, na Mwamba Mkuu wa Australia ukapauka mwaka huohuo. Ulipauka tena 2002, kisha 2016, na 2017 tulipokuwapo. Yapo matumbawe ya duara yanayokua kama sentimita 1 tu kwa mwaka. Tumbawe la namna hiyo lenye kimo cha mtu lilikuwa limeanza kukua kabla ya jiwe la msingi la Kanisa Kuu la Kristo, Mkunazini, kuwekwa mwaka 1873.

Tumelitaja kanisa hilo kwa makusudi, maana lilitajwa na mtu ambaye hatukutazamia alitaje. Mwenzetu wa Mikindani alimpigia simu mjomba wake, na kwa kuwa kwao mjomba ni mtu wa kusikilizwa, simu ikawekwa sauti kubwa tusikie sote. Mzee huyo alichoma chokaa kwa miaka mingi kabla ya kazi hiyo kukatazwa. Alivunja matumbawe wakati wa bamvua, akayapanga juu ya tanuru la magogo, akauza chokaa kwa debe, na kwa madebe hayo watoto wa dada yake walisoma, akiwamo huyu aliyempigia kutoka Australia. Sasa anatafuta pweza. Alisikiliza habari zetu zote, za rangi na za masharti matatu, kisha akasema:

"Wanangu, hilo kanisa la Unguja lililojengwa penye soko la watumwa, mnalolionea fahari, kuta zake ni mawe gani? Si matumbawe hayo na chokaa? Mmesali humo miaka mia na zaidi, hakuna askofu aliyelia. Mimi nilipochoma debe langu ndiyo mkajua ni kiumbe cha Mungu?"

Hatukuwa na jibu la haraka, na hatudhani linafaa kuwa la haraka. Ni rahisi kusema uzuri si kwa ajili yetu ukiwa umeelea kwa nauli iliyolipwa na wengine. Kwa mtu ambaye mwamba ni ada ya shule, maneno hayo yanaweza kuwa matusi. Tunaamini kwamba mafundisho yoyote ya kanisa kuhusu uumbaji yasiyoweza kusemwa mbele ya mzee huyu, kwa sauti, akiwa amekaa na sisi, hayajaiva.

Kwa hiyo tulimsomea sheria moja ndogo ya Kumbukumbu la Torati, sura ya 22, ambayo hatujawahi kusikia ikihubiriwa. Mtu akikuta njiani kiota, mama amelalia makinda au mayai, anaruhusiwa kuchukua makinda, lakini amwache mama aende zake. Sheria haimwambii mwenye njaa atazame kiota, amsifu Muumba na kupita. Inamwambia asimalize. Mzee alicheka. Alisema hiyo ndiyo habari ya pweza. Na kweli, vijiji kadhaa vya Pemba, Kisiwa Panza kikiwa kimojawapo, vimekuwa vikifunga sehemu ya mwamba kwa miezi michache ili pweza wakue, kisha siku ya kufungua watu wote hushuka pamoja. Huko Kuruwitu, kaunti ya Kilifi, wavuvi wenyewe walitenga kipande cha bahari yao. Pweza hukua upesi, anayesubiri humlipa mapema. Mzee alisema jambo hilo analielewa na yuko tayari kulizungumza na wenzake, wafunge upande mmoja.

Halafu akauliza: "Na huko mliko, wao wanafunga nini?"

Hapa inabidi tuseme ambalo mgeni wa Queensland huliona akisafiri kidogo kusini mwa Townsville. Pwani ileile inayopakana na Mwamba Mkuu ina bandari za makaa ya mawe, Abbot Point karibu na Bowen na Hay Point karibu na Mackay, na jimbo lile ni miongoni mwa wauzaji wakubwa wa makaa ya mawe duniani. Meli zinazoyabeba hupita katikati ya miamba. Makaa hayo huchomwa mbali, kwa chuma na kwa umeme wa watu wengine, na joto lake halirudi kwa mchomaji peke yake. Linafika Townsville, linafika Mikindani. Mjomba na debe lake na magogo yake hayumo kabisa katika hesabu hiyo, au yumo kwa tone. Lakini ndiye wa kwanza kuombwa apumzike.

Ingekuwa rahisi kuishia kwa kuwahukumu wenyeji wetu. Hatuwezi. Mzee wa kanisa aliyesimamia mchango wa nauli yetu ana mtoto anayeendesha lori kubwa mgodini, wiki mbili kazini na wiki moja nyumbani, na kwa mshahara huo analea watoto watatu, mmoja mwenye ulemavu. Tulikula kwao Jumapili mara nyingi. Tulipomweleza mzee swali la mjomba, hakukasirika wala hakujitetea. Alisema amelifikiria kwa miaka, tangu alipoanza kumpeleka mjukuu wake kuona mwamba na kukuta mahali palepale pamebadilika. Alisema hajui namna ya kuomba toba kwa kitu ambacho hana uwezo wa kukiacha kesho asubuhi. Sisi, ambao tulivuka bahari kwa ndege na tutarudi kwa ndege, tulikuwa na swali hilohilo kwa ukubwa tofauti.

Tulikuja kuona kwamba kuchota maji, katika msiba huu, kunaanza kwa kila mmoja kuulizwa swali la mjomba na kukaa nalo bila kumwonyeshea kidole aliye dhaifu kuliko yeye. Wewe unafunga nini? Mvuvi ana jibu, miezi kadhaa ya mwamba. Kijiji cha Pemba kina jibu. Usharika wenye jenereta, magari na vipaza sauti una jibu gani? Chuo kikuu? Jimbo zima? Sheria ya mwaka wa saba katika Mambo ya Walawi, ya kuipumzisha ardhi, haikuwahusu wenye viraka vidogo peke yao. Ilimfunga mwenye mashamba makubwa pamoja nao, na yeye ndiye aliyekuwa na kingi cha kuacha.

Jumapili ya katikati ya Machi ilikuwa zamu ya mzee yule kuongoza maombi ya wote. Aliwaombea wagonjwa kwa majina, wakulima wa miwa, wafanyakazi wa migodini na wanaowasubiri nyumbani. Kisha akanyamaza muda mrefu hata baadhi yetu tukafumbua macho, akaiombea bahari. Hakuomba miujiza. Aliomba ipoe.

Tarehe 28 Machi kimbunga Debbie kilitua karibu na Airlie Beach, kusini mwetu. Upepo wake ulivunja matumbawe ya visiwa vya Whitsunday, na ubaridi ulioletwa na mawingu na mvua ulikuja umechelewa, tena mbali mno na miamba iliyokuwa imekwisha kupauka. Mafuriko yalikata reli za makaa ya mawe, na ile kubwa zaidi ilikaa wiki kadhaa bila treni. Mwenzetu alimsimulia mjomba wake kwa simu. Mzee aliuliza kama ni wao walioifunga. Akamwambia hapana, mjomba, ni upepo.